Je, Kuvunjika kwa Jumuiya Ndiko Kulikoondoa Sukari Madukani?

Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilijadili hoja hii: "Nchi ikijitoa katika jumuiya ya biashara, wananchi wake watakosa vitu vya kila siku." Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi. Silaha yao kubwa ilikuwa Uganda yetu wenyewe. Walisema kwamba Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kwamba wazee wetu walikosa sukari, chumvi na sabuni katika miaka hiyo hiyo. Basi jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi sikuwa msemaji siku ile, lakini niliyaandika maneno hayo katika daftari langu. Tangu hapo nimesoma vitabu nilivyovipata katika maktaba, nimewauliza walimu, na nimewauliza wanafunzi wa zamani waliotutembelea. Nami naona kwamba hoja ile ilishinda kwa kupendeza masikio zaidi ya kushinda kwa ushahidi. Haya nitakayoyaeleza si ya mchezo. Wengi wetu tumekwisha kufika umri wa kupiga kura. Kila yanapotokea magomvi mpakani Malaba au Katuna, huyu husema, "Na tutoke katika Jumuiya hii, haitufai kitu!" na yule hujibu, "Tukitoka tutakufa njaa!" Yafaa tujue ni yupi asemaye kweli, au kama wote wawili wanakosea.

Kwanza tuwape wazee haki yao. Uhaba ulikuwako, wala haukuwa mdogo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mke kijana katika miaka ile, akikaa Bugembe karibu na Jinja. Asimulia kwamba walifulia nguo majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na mboga zikaungwa kwa chumvi ya majivu. Chai ilinywewa kavu, au kwa kipande cha sukari guru kilichofichwa ndani ya kitambaa kama dhahabu. Neno linalonishangaza mimi katika masimulizi yake ni hili: kutoka Bugembe hata mashamba ya miwa ya Kakira ni mwendo mfupi tu. Mtu aliona miwa kwa macho yake, na sukari hana! Hapana mpaka wowote kati ya Bugembe na Kakira. Hapana forodha wala askari wa Kenya. Basi hebu tujiulize, Jumuiya iliingiaje hapo?

Ili tulijibu swali hili, yatupasa kwanza kujua kitu hufikaje dukani. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na ukiondoa moja, chungu humwagika. Bidhaa pia ina mafiga yake matatu. Figa la kwanza ni kazi: lazima kuwe na shamba, kiwanda, au mtu mahali fulani anayekitengeneza kitu chenyewe, na mfanyabiashara ajuaye kukiagiza na kukiuza. Figa la pili ni fedha: kama kitu chatoka nchi nyingine, muuzaji wa huko ataka fedha anazozikubali yeye, si zile unazozipenda wewe. Figa la tatu ni njia: reli, barabara, bandari, na ruhusa ya kupita mpakani bila ya kucheleweshwa au kutozwa mno.

Sasa jumuiya ya biashara ni nini? Ni mapatano ya nchi kadha kwamba bidhaa zao zitapita mipakani mwao bila ushuru, au kwa ushuru mdogo, na kwamba bidhaa zitokazo nje zitatozwa ushuru ulio sawa. Kwa maneno mengine, jumuiya hulishika figa la tatu. Haikulimii miwa, wala haikutengenezei fedha. Nchi ikijitoa, ushuru hurudi, makaratasi huongezeka, na malori hungoja. Gharama hizo zote humwangukia mnunuzi, na kitu huwa ghali. Lakini tuangalie vizuri: ughali si uhaba. Kitu kilicho ghali kipo dukani, mwenye fedha akinunua na asiye nazo akikitazama. Kitu kilicho adimu hakipo, hata kama mfuko umejaa. Mambo haya mawili huumiza wote, lakini hayana dawa moja.

Hebu sasa tuzitazame tarehe, maana tarehe ni shahidi asiyependelea. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi hapa Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais watatu, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote, na ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Makao makuu yakawekwa Arusha. Reli na ndege zilisimamiwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu pamoja na Benki ya Maendeleo kutoka Kampala. Wakati ule Uganda ilikuwa ikitengeneza sukari yake yenyewe, karibu tani 150,000 kwa mwaka, katika viwanda vya Lugazi na Kakira. Kiwanda cha Lugazi kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na cha Kakira na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Sukari ilitosha nyumbani na nyingine ikauzwa nje.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali. Tarehe 4 Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu wakaondoka, na maduka na viwanda na mashamba yao zaidi ya 5,000 yakagawiwa watu wengine, wengi wao askari na rafiki za wakubwa. Amin aliita jambo hilo vita vya uchumi. Wale waliogawiwa mali walipewa jina na watu wa Kampala: mafuta mingi. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba ni "mafuta mengi" kwa sarufi iliyo sawa, lakini jina limekwisha kuingia katika historia na kosa lake, na hapana awezaye kulitoa. Husimuliwa pia kwamba baadhi ya wenye maduka wapya, kwa kutojua bei, waliitazama namba ya shingo ya shati wakadhani ndiyo bei yake. Shati la namba 15 likauzwa shilingi 15. Hadithi hii huenda imetiwa chumvi, lakini yatuonyesha jambo la kweli. Duka si rafu na kufuli tu. Duka ni daftari la madeni, ni kujua nani wa Mombasa atakayekukopesha, ni kujua mzigo uagizwe lini ili ufike kabla ya ule wa zamani kwisha. Ujuzi huo uliondoka pamoja na wenyewe. Vipuri vya mitambo havikuagizwa tena, miwa ikazeeka shambani, na uzalishaji wa sukari ukawa unashuka mwaka hata mwaka, hata ilipofika miaka ya kwanza ya 1980 viwanda vile vikubwa vilikuwa karibu kama maiti.

Basi figa la kwanza lilivunjwa mwaka 1972. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Katikati pana miaka mitano. Mwaka 1975 serikali ilikuwa imekwisha kuweka mahakama maalumu za makosa ya uchumi, kuwahukumu wauza magendo na waficha bidhaa. Nani huweka mahakama ya waficha sukari katika nchi yenye sukari tele? Ndiyo kusema uhaba ulikuwako, tena mkubwa, wakati Jumuiya ingali hai. Mtoto hawezi kumzaa mama yake, wala jambo la 1977 haliwezi kuzaa jambo la 1975.

Figa la pili, la fedha, lilianza kutikisika hata kabla ya hapo. Zamani nchi zote tatu zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki. Mfanyabiashara wa Kampala aliweza kulipa Mombasa kwa noti zile zile alizopokea kwa wanunuzi wake. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. Kwa muda, jambo hili halikuonekana kuwa kitu, maana shilingi hizo zilikuwa na thamani iliyolingana. Lakini serikali ya Amin ilipochapa noti nyingi kupita mali iliyokuwako, shilingi ya Uganda ikawa haina heshima ng'ambo ya Malaba. Muuzaji wa Kenya alitaka shilingi za Kenya au dola. Kwa hiyo nasema kwamba kwa mtu aliyetaka kununua chumvi, kuachana kwa fedha mwaka 1966 kulikuwa na uzito zaidi ya kuachana kwa Jumuiya mwaka 1977, ijapokuwa hakuna aliyelia machozi siku ile.

Jambo jingine lilizidisha uhaba, na hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Serikali ilipoona bei zinapanda, iliamuru bei. Fikiri, ndugu msomaji, kwamba mchuuzi amenunua chumvi, na akijumlisha nauli na hongo za njiani, kila kilo imemgharimu shilingi tano. Askari aja na kumwambia aiuze kwa shilingi mbili, la sivyo atafungwa. Atafanya nini? Hataiuza mbele ya duka. Ataiweka uvunguni, na usiku atamwuzia amjuaye kwa shilingi kumi, maana sasa anaongeza na bei ya hofu yake. Mchana rafu ni tupu. Mpita njia husema, "Chumvi imekwisha nchini," kumbe chumvi ipo, imelala chini ya kitanda. Hayo ndiyo magendo. Wengine walipata karatasi ya ruhusa kutoka kwa mkubwa, wakanunua kwa bei ya serikali na kuuza kwa bei ya magendo siku hiyo hiyo, wakatajirika pasipo kutoa jasho. Ndiyo sababu neno hili la Kiswahili liliingia hata katika vitabu vya wataalamu wa uchumi ulimwenguni wanapoandika juu ya Uganda.

Tena tusisahau kwamba mpaka haukuweza kuzuia bidhaa. Baridi kali iliua mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, na bei ya kahawa duniani ikaruka juu mno. Mkulima wa Bugisu aliyelipwa shilingi duni hapa nchini alibeba kahawa yake usiku, akavuka mpaka hata soko la Chepkube, upande wa Bungoma, akalipwa fedha nzuri za Kenya. Alirudi na sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Soko lile lilishamiri mno katika miaka ya 1976 na 1977, Jumuiya ikiwa mahututi. Palipokuwa na kahawa ya kutoa, sabuni ilipatikana, Jumuiya iwepo isiwepo. Palipokuwa hapana kitu cha kutoa, mikataba yote ya Arusha isingeleta hata mche mmoja.

Wenzangu waliounga mkono hoja watasema, "Lakini je, petroli ya mwaka 1976?" Ni swali zuri. Mwezi wa Februari mwaka ule Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Mwezi wa Julai, baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa Entebbe tarehe 4, ugomvi ukazidi, Kenya ikazuia mafuta, na magari ya Kampala yakasimama. Naam, hapo figa la tatu liling'olewa kweli, na uhaba ukaja kwa siku chache tu. Lakini tazama tarehe tena: ni mwaka 1976. Uganda na Kenya zote mbili zilikuwa bado katika Jumuiya! Kilichofunga njia kilikuwa ugomvi, na uanachama haukuufungua.

Sasa tufike mwaka 1977 wenyewe. Nyerere alikuwa amekataa kukaa meza moja na Amin tangu 1971, kwa hiyo mkutano wa Marais watatu haukukutana tena. Shirika la ndege likasambaratika mwanzoni mwa 1977, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukaisha bila bajeti mpya kukubaliwa, na Jumuiya ikafa. Ikafa siku moja kwa ndugu wote watatu. Na hapa tunapata jaribio zuri kama lile la maabara. Kama kifo cha Jumuiya ndicho chenye kuleta uhaba, basi ndugu wote watatu wangeugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Haikuwa hivyo. Kenya ilipoteza wanunuzi wa bidhaa za viwanda vyake huko Tanzania, na hiyo ilikuwa hasara kubwa kwa wenye viwanda, lakini maduka ya Nairobi hayakukauka. Uganda ilikuwa imekwisha kuugua miaka mitano nyuma. Tanzania iliugua baadaye, hasa baada ya 1979, ilipokwisha kupigana vita ya kumwondoa Amin, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda duniani, na mazao ya kuuza nje yalipopungua. Huko nako bei zilikuwa za kuamriwa, na mashirika ya serikali ndiyo yaliyoagiza karibu kila kitu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwasaka wahujumu uchumi, na watu wengine wakatupa bidhaa zao porini na mitoni kwa hofu ya kukamatwa nazo. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni pasipo kuwauliza wamezipata wapi. Bidhaa zikaanza kuonekana tena madukani. Hapakuwa na Jumuiya wakati ule. Katika mwaka huo huo wa 1984, mwezi wa Mei, nchi tatu zilikuwa Arusha zikigawana mali na madeni ya marehemu.

Hapa kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Wenye viwanda vya sukari walirudi katika miaka ya 1980, mitambo ikatengenezwa upya. Mwaka 1987 fedha zikabadilishwa, na mwaka 1990 maduka ya kubadilishia fedha za kigeni yakaruhusiwa waziwazi. Kikuubo ikajaa mali. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza Julai 2000. Sukari, basi, ilitangulia kurudi, na Jumuiya ikafuata nyuma yake.

Je, nasema kwamba kifo cha Jumuiya hakikudhuru kitu? Hasha! Nchi isiyo na bahari ikipoteza ushirika wa reli, huumia. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 40 behewa liliweza kutoka pwani hata kwetu chini ya bwana mmoja. Baada ya 1977 kila nchi ilikuwa na shirika lake la reli, na injini zake, na karakana zake, na hesabu zake za kugombania. Mizigo ikahamia barabarani kwa gharama kubwa zaidi. Uganda ikalazimika kuanzisha kila kitu upya wakati haina fedha wala mafundi. Kwa hiyo nasema hivi: mgonjwa alikuwa amekwisha kuanguka, na kifo cha Jumuiya kilimwondolea blanketi. Ni vibaya kumwondolea mgonjwa blanketi, lakini blanketi silo lililomtia homa wala silo litakalomponya.

Tutazame pia nchi nyingine, tusije tukadhani kwamba mambo haya ni yetu peke yetu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Je, watu wa Dar es Salaam walikosa sabuni? La, maana nchi hiyo ilibaki katika SADC na ikaingia katika Jumuiya mpya ya Afrika ya Mashariki. Mlango mmoja ulifungwa, miwili ikawa wazi, na bandari ni yake mwenyewe. Uingereza ilitoka rasmi katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na mapatano ya forodha yakaisha mwisho wa mwaka huo. Mwezi wa Januari 2021 baadhi ya maduka ya Ireland ya Kaskazini yalikuwa na rafu zenye mapengo, kwa sababu makaratasi mapya yalichelewesha malori. Mwezi wa Septemba mwaka huo magari yalipanga foleni ndefu kutafuta petroli. Mafuta yenyewe yalikuwapo katika bohari, lakini madereva wa malori walikuwa wachache: wengine walikuwa wamerudi kwao Ulaya, na mitihani ya udereva ilikuwa imesimama kwa ajili ya maradhi ya Korona. Kisha watu wakaogopa, kila mmoja akajaza tangi lake siku moja, na hofu ikatimiza kile walichokiogopa. Nyanya zilipoadimika Februari 2023, sababu kubwa ilikuwa hali mbaya ya hewa huko Hispania na Morocco. Hivyo kutoka kwa Uingereza kuliongeza taabu, lakini hakukuwa chanzo cha kila taabu.

Na Niger? Baada ya mapinduzi ya Julai 2023, jumuiya ya ECOWAS iliiwekea vikwazo, na mipaka ya Benin na Nigeria ikafungwa. Chakula na dawa vikaadimika, bei zikapanda, na malori yakakwama mpakani kwa miezi. Vikwazo vikaondolewa Februari 2024. Lakini Niger ilitoka ECOWAS rasmi tarehe 29 Januari 2025. Maana yake, taabu kubwa ya Niger iliipata ikiwa bado ni mwanachama, kama sisi mwaka 1976.

Hatuna haja ya kwenda mbali hata hivyo. Mwezi wa Januari 2008 ghasia za uchaguzi wa Kenya zilikata njia, reli iking'olewa Kibera, na petroli ikaadimika Kampala. Mwezi wa Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna kwa ugomvi na serikali yetu, na haukufunguliwa hata Januari 2022. Nchi zote mbili zikiwa katika Jumuiya. Mwezi huo huo wa Januari 2022, madereva waligoma Malaba kwa sababu ya kupimwa Korona kwa malipo, na sehemu nyingine za nchi lita moja ya petroli ilifika shilingi 10,000. Nilikuwa mvulana mdogo wakati huo, nami nakumbuka nauli ya bodaboda ilivyopanda mara mbili kwa siku chache. Hatukuwa tumejitoa popote.

Basi, wenzangu, jibu langu ni hili. Kujitoa katika jumuiya peke yake huleta ughali na usumbufu; si lazima kulete uhaba. Uhaba huja pale kujitoa kunapokutana na mojawapo ya mambo manne: nchi haina bandari na imegombana na mwenye bandari, haina kitu cha kuuza ili ipate fedha za kigeni, viwanda vyake na wafanyabiashara wake wameharibiwa, au serikali yake imeamuru bei ambazo hapana mtu awezaye kuuzia. Uganda ya Amin ilikuwa na yote manne kwa wakati mmoja, ndiyo maana ilikosa hata chumvi.

Na kwa wale wasemao kwamba Jumuiya haina faida, maadamu haikuzuia migogoro hii, nawajibu kwamba wameona nusu tu. Faida kubwa ya Jumuiya kwa nchi isiyo na bahari ni mahali pa kupeleka ugomvi kabla haujafunga njia. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uganda iligombana na Kenya juu ya ruhusa ya kuagiza mafuta kupitia Mombasa. Safari hii hakuna aliyedai nusu ya Kenya wala aliyezuia malori. Uganda ilipeleka mashtaka katika Mahakama ya Afrika ya Mashariki kule Arusha, wakubwa wakaendelea kuzungumza, na mapatano yakapatikana mwaka 2024. Linganisha na 1976, utaona tofauti. Hatukukaa siku hata moja kandokando ya barabara na galoni tupu, na kwa kuwa hakikutokea kitu, hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo atakayesimama katika ukumbi wetu, au siku moja katika Bunge, akasema "Tukitoka tutakufa njaa," tumwulize: figa gani litakalovunjika? Na atakayesema "Tukibaki tumesalimika," tumwulize: nani anayetunza mafiga mengine mawili?

Ningependa kumaliza kwa ombi kwa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Wengi wenu mlikuwa katika mabweni haya wakati ule, na mlikunywa uji usio na sukari katika ukumbi ule ule tunaolia sisi leo. Tuandikieni mtuambie ni kitu gani kilichokosekana kwanza, mwaka gani, na mlisikia sababu gani wakati ule. Tarehe za vitabuni twazo. Zinazopungua ni zenu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita